Simu Haina Pua

Katika mtaa wetu hakuna mtu awezaye kunidanganya. Nina macho makali na masikio yasiyolala. Aliyejaribu mara ya mwisho ni muuza kuku. Aliniapia kwamba kuku wake anataga kila siku. Nikamnunua kuku, nikamlisha, nikamtandikia majani makavu, nikangoja yai. Asubuhi moja akawika.

Hadithi hii ni ya udanganyifu mwingine. Huu haukuwika, ndiyo maana tulichelewa kuujua.

Mume wangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake. Kuna cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi, na benchi la wateja. Yeye hushona, mimi hupiga pindo na vifungo. Alipenda kushona peku. Alisema mguu ukivaa kiatu hausikii kanyagio.

Ana ugonjwa wa kisukari. Zamani kila mwezi alikwenda zahanati, kwa nesi ambaye ni jirani yetu. Nesi alimpima sukari, akamvua viatu, akamtazama nyayo, akamgombeza. Fundi alirudi nyumbani amenuna. Ukimwona amenuna, ujue ametibiwa vizuri.

Kisha wenye zahanati wakamwondoa nesi. Pale mapokezi wakasimamisha kioo cha kompyuta kinachosema. Mlangoni wakabandika tangazo: "Akili bandia. Haichoki, haisinzii."

Nesi alilisoma tangazo hilo akatikisa kichwa. "Kweli," alisema. "Wala haidai mshahara. Hilo wamesahau kuandika."

Akaanza kuuza mitumba. Gauni likiwa pana, alituletea tulipunguze.

Haukupita muda, akaja kijana wa kampuni yenye ile mashine. Tai shingoni, jasho kwapani. Alikuwa akiuza mashine hiyo hiyo, ila ya kuweka kwenye simu.

"Kesho hakutakuwa na foleni," alisema. "Kesho daktari atakaa mfukoni mwako. Kesho ni ya wanaothubutu."

Tukambandika jina la Kesho. Fundi alimpenda papo hapo. Naye miaka yote kazi yake ni kuwaambia wateja waje kesho.

Kinyozi wa jirani alikuwa kwenye benchi akingojea suruali yake. Yeye hakupendezwa.

"Hiyo mashine itatumaliza," alisema. "Leo nesi, baadaye mimi."

"Wewe haikuwezi," nikamwambia. "Haijui kunyoa huku inasengenya."

Kesho akacheka kwa adabu. "Bibi, teknolojia haimfukuzi mtu kazi. Inampa nafasi ya kufanya mambo makubwa zaidi."

"Kama kuuza mitumba?"

Akakohoa. "Faida yake ni ya jamii nzima, bibi."

"Basi mimi ni jamii," kinyozi akadakia, mkono ameukunjua. "Nipe yangu ya leo."

Hakupewa. Lakini fundi alijiunga. Simu ikamwuliza kama ana ugonjwa wa kudumu. Kesho akainama, akamnong'oneza kwamba wagonjwa wa kudumu hulipa zaidi. Fundi akaisogelea simu.

"Mimi ni mzima kabisa. Hata mafua sina."

Nikamfinya. "Na sukari je?"

"Nyamaza, mke wangu. Hii ni mashine tu. Wateja nawadanganya kila siku, na wao ni watu."

Msimu wa sare za shule ukafika. Fundi alishona tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja nikaona damu kwenye kanyagio. Kipande cha sindano iliyovunjika kilikuwa kimemwingia chini ya kidole gumba cha mguu. Mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa anaimba.

"Twende hospitali kubwa," nikasema.

"Na sare za watoto utashona wewe? Nitaiuliza simu."

Simu ile ilikuwa na sauti tamu, kama ya mtu aliyekuja kukopa.

"Pole sana, mteja wetu mpendwa. Je, kidonda kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo!" Fundi alijibu kwa fahari, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Hiyo ni dalili njema. Tunakupendekezea marhamu yetu. Bonyeza hapa ununue."

Akabonyeza. Marhamu ikaletwa, akapaka, akafunga kitambaa. Simu ikawa inamwuliza tena na tena kama kinauma. Kila mara hakikuuma. Kila mara ikampongeza. Nami, mwenye macho makali, nikampongeza pia.

Kisha chumba kikaanza kunuka. Nikasema ni panya amekufa chini ya vitambaa. Nilihamisha marobota yote, nikafagia pembe zote. Panya sikumwona.

Nesi akaja na magauni yake begani. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nani ana kidonda humu ndani?"

"Tunatafuta panya," nikasema.

"Huyu si panya, mama. Fundi, lete mguu."

Akapiga magoti, akafungua kitambaa. Kidole gumba kilikuwa kimevimba. Cha pili kilikuwa cheusi kama mkaa. Nesi hakumgombeza. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Lakini hakiumi," fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Hilo ndilo baya, mzee wangu. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu unakufa ganzi. Unaweza kukanyaga kaa la moto usijue. Maumivu ni mlinzi. Kwako wewe mlinzi amekufa getini, na wezi wameshaingia."

"Simu imesema ni dalili njema."

"Uliiambia kwamba una sukari?"

Fundi akatazama cherehani yake, kama ndiyo iliyoulizwa.

"Basi sikilizeni," nesi akasema. "Mashine hii imelishwa maandishi ya watu wengi sana. Ukiiuliza, inatunga jibu linalofanana na yale iliyolishwa. Mara nyingi inapatia. Lakini haikujui wewe. Inajua ulichoiambia tu. Haikuoni ukichechemea. Haina pua ya kunusa chumba hiki. Na hii yenu ina ubaya mwingine. Anayewashauri ndiye anayewauzia marhamu. Atawaambiaje msinunue?"

"Tuivunje?" nikauliza. Nilikuwa nimeshaishika pasi.

"Usivunje kitu, mama. Iulizeni maana ya neno msilolielewa. Iwakumbusheni saa ya dawa. Lakini kidonda mguuni mwa mgonjwa wa sukari, hata kama ni kidogo kama punje, kionwe na macho ya mtu siku hiyo hiyo. Sasa twende. Asikanyage chini, abebwe."

Kinyozi alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja. Yeye na nesi wakamkalisha fundi kwenye kiti, wakambeba mpaka kwenye gari. Njia nzima alirudia swali moja tu.

"Nitakanyaga tena cherehani?"

Daktari wa hospitali kubwa alikata vidole viwili. "Mngekawia zaidi," aliniambia, "ningekata mguu."

Nilipiga simu kwenye kampuni kulalamika. Nilipokewa na sauti ile ile tamu. Ilisema, "Mteja alitoa taarifa zisizo sahihi. Asante kwa kutuchagua." Na kweli alidanganya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wao waliuwekea ukweli bei ya juu, sisi tukanunua uongo wa bei nafuu. Mkataba wao ni mzima. Vidole vyetu ndivyo havipo.

Wakati fundi anapona, mtaa mzima ulikwenda zahanati kudai nesi arudishwe. Wenye zahanati walikataa kutuona. Walisema tukiulize kioo. Basi tukakiuliza. Tulipanga foleni, kila mtu akakieleza shida zake zote tangu utoto. Mimi nilikieleza habari za wakwe zangu, mmoja mmoja. Kikasema, "Pole sana, mteja wetu mpendwa," mpaka jioni. Wagonjwa wa kulipa wakashindwa kufika mapokezi, wakaenda kwingine. Wenye zahanati walipoona fedha zinatoka mlangoni, ndipo masikio yao yalipozibuka.

Nesi amerudi. Ni kwa asubuhi tu, na kwa nusu ya mshahara. Kioo kiko pale pale kutwa nzima, na umeme wake unalipwa wote.

Nyumbani nasi tumebadilika. Fundi hashoni peku tena. Kabla ya kuvaa viatu, anavikung'uta na kupitisha mkono ndani. Kila siku anaosha miguu kwa maji yasiyo ya moto. Maji nayapima mimi kwa kiwiko, maana mguu wake si shahidi wa kuaminika. Anakausha katikati ya vidole. Kisha anaweka kioo kidogo sakafuni, anatazama nyayo zote mbili. Nami natazama nyuma yake, maana fundi nguo na ukweli hawajazoeana. Sindano ikivunjika, hatushoni mpaka vipande vyote vipatikane. Sukari yake imeshuka. Anakanyaga cherehani, polepole, mguu mzima ukimbeba mwenzake. Sare anashona chache. Lakini anashona.

Juzi tulikwenda kwa nesi kupima sukari. Nani tukamkuta kwenye benchi, nje ya mlango wake? Kesho, na tai yake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi." Macho yake yaliruka juu ya mguu wa fundi, yakatua ukutani.

"Marahaba," fundi akasema. "Umekuja kutibiwa?"

"Mimi? Hapana. Nimekuja kuikagua mashine."

"Mashine iko mapokezi. Hapa ni kwa nesi."

"Nimekaa kupumzika tu, mzee."

Fundi akakaa kando yake, akaunyoosha ule mguu mbele yao wote wawili. "Hebu niambie, kijana wangu. Wanao wakiugua, unawatibu kwa kitu gani?"

"Kwa hii hii!" Kesho akaigonga simu yake kifuani. "Wanangu hata sura ya nesi hawaijui. Haki ya Mungu."

Mlango wa nesi ukafunguliwa. Akatoka mwanamke kijana, amempakata mtoto aliyejilegeza kwa homa.

"Baba watoto, ingia basi," akasema. "Nesi anauliza homa ilianza lini. Halafu anauliza kama tulimpa mtoto dawa za ile simu yenu. Nimemwambia hatujampa, nyumbani kwetu umeipiga marufuku."