Namba ya Nchi ya Barafu

"Mamba, pima kwanza. Kisha uniite."

Redio ya Motorola ikakatika. Chef Théophile, mukubwa wake wa upelelezi kule Kasongo, hakuwa mutu wa salamu.

Chimène, jina la kazi Mamba, akairudisha kiunoni pembeni ya bastola, akaingia katika zahanati ya Wamaza. Kitandani alilala Célestin, risasi bado ndani ya kifua. Yeye peke yake ndiye shahidi aliyekubali kumtaja tajiri anayevusha dhahabu ya Kabambare kwa magendo. Akikata roho, tajiri atalala usingizi mnono.

Chupa ya oksijeni iliyokuwa ikimshikilia ilikuwa karibu kwisha. Nyingine ilikuwa imefika sasa hivi, kwa pikipiki ya Fabrice, muchuuzi wa gesi.

Fabrice huyohuyo. Wiki hii wagonjwa wawili wa Kasongo walivuta hewa ya chupa zake.

Wote wawili wamezikwa.

"Washa kiberiti kwenye mudomo ya chupa," alisema muuguzi Régina. "Moto ikipanda, ujue iko oksijeni."

"Na kama iko asetilini, Mama, italipuka, bati za paa yako tutaziokota kule Nyangwe."

Régina akamuonyesha kitanda. Midomo ya Célestin ilikuwa inageuka rangi.

Chimène akafungua mkoba. Mizani ya mununuzi wa dhahabu, ya aina inayowaibia wachimbaji, leo ilipata kazi ya halali. Chupa ilikuwa ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja; akaipima. Akaachia gesi ipite kwenye mpira mpaka ikafukuza maji yote katika bidoni, dumu la lita ishirini na tano, iliyopinduliwa ndani ya karai. Akafunga. Akapima tena.

Gramu thelathini na saba zimetoka.

Hesabu akaiandika kwa kalamu ya Bic kwenye kiganja. Gramu mara 22.4, lita za moli moja. Gawanya kwa lita za bidoni. Jibu ndilo uzito wa moli, na kila gesi ina wake. Asetilini 26. Oksijeni 32. Argoni, ya mafundi wa kuchomelea vyuma, 40.

Thelathini na tatu.

"Chef, iko oksijeni. Ile moja ya juu ni tabia ya mizani."

"Mumuwekee."

Régina akaunganisha mpira. Nje ya dirisha, Fabrice alikaa juu ya pikipiki yake, TVS, injini inaunguruma. Hakuwa ameizima tangu afike.

Tone la jasho likaanguka kwenye kiganja cha Chimène. Likaifuta 22.4.

Jasho.

Darasa lake lote la kemia pale Kasongo liliimba namba hiyo kama sala, na hakuna aliyeuliza ni ya nchi gani. Ni ya digrii sifuri, usawa wa bahari. Namba ya nchi ya barafu. Wamaza, mchana huu, juu huku, gesi inavimba: moli moja inajaza karibu lita ishirini na saba.

Thelathini na saba, mara ishirini na saba, gawanya kwa ishirini na tano.

Arobaini.

"Mama, toa mukono."

Régina akaiachia vali kabla hajaifungua.

"Ni argoni. Haina harufu, haiwashi koo. Mutu anavuta, anavuta, anaenda."

Nje, TVS ikaruka.

Chimène akafyatua mara moja kupitia dirishani. Gurudumu la nyuma likapasuka. Fabrice akala vumbi, na chini ya kiroba cha mihogo zikabingirika chupa mbili zilizofungwa blanketi.

"Hii iko nini?" Chimène alimfikia, akagonga chupa moja.

"Oksijeni, dada. Ya kweli. Ilikuwa ya kuuza kule machimboni."

"Vuta."

Akavuta, pumzi ndefu ya mutu anayependa kuishi.

"Sasa ile uliyomuletea Célestin."

Fabrice akageuza uso.

Ikatosha. Régina akaibeba chupa ya kweli mbio. Baada ya muda Célestin akafungua jicho, akaomba maji, kisha akataja jina. Huko nje Fabrice, mikono imefungwa, akalitaja hilohilo: ndiye aliyemlipa. Chimène akalituma kwa redio.

"Mamba," redio ikakoroma. "Ulisema oksijeni."

"Nilisema, Chef. Karibu nimuzike na alama nzuri ya shule."

"Jina nimeshika. Rudi Kasongo."

Akavaa miwani, akatoka. Pikipiki ya pekee pale Wamaza ilikuwa imelala vumbini, tairi alilolipasua mwenyewe.

Akaanza kutembea.