Mstari Alioufuta Kasuku

Kila alipotoka shule, Kasuku alipitia studio ya mjomba wake, fundi wa kurekodi muziki. Alifagia, akakunja nyaya, huku akiongea bila kituo. Ndiyo maana mjomba alimbandika jina hilo. Lakini tangu mama yake afariki, hata kasuku huyo alikuwa ameishiwa na maneno.

Siku hiyo mjomba alifungua wimbo wa mwisho ambao mama aliupiga kwa kinanda akiwa mgonjwa. Kwenye kompyuta ulionekana kama orodha ndefu. Kila mguso wa kidole ulikuwa na mstari wake: umeanza lini, una nguvu kiasi gani, umedumu kwa muda gani.

"Baba yako anakuja kuusikiliza," mjomba alisema. "Tazama, ila usiguse kitu." Akatoka kununua waya.

Kasuku akatazama. Maskini mama! Miguso mingi ilikuwa dhaifu, mingine imechelewa, na mmoja umekosewa kabisa. Roho ilimuuma. Watu wakisikia, si watamcheka? Akaufuta ule uliokosewa, mingine akaiongeza nguvu na kuinyoosha, kisha akahifadhi.

Mjomba alirudi, na baba alipofika akamfungulia wimbo. Baba aliketi, akafumba macho. Wimbo ulikwenda umenyooka kama rula.

"Shemeji, nani huyu anayepiga?" aliuliza ulipokwisha.

"Si mkeo?"

"Hapana. Mkono wa mke wangu ulikuwa ukisitasita. Huyu simjui."

Mjomba akakuna kichwa. "Basi mashine imeniharibia kazi, na nakala nyingine sina. Nisamehe, shemeji." Akanyoosha mkono aizime.

"Kasuku, leo umemeza ulimi?" baba aliuliza.

Machozi yalimtangulia. "Usizime, mjomba! Ni mimi. Nilitaka mama asichekwe."

"Lo! Ningeizima, isingekumbuka tena ulichobadilisha," mjomba alisema. Akaanza kuyatengua mabadiliko kwenye kompyuta, moja moja, na mistari ikarejea mahali pake.

Wakasikiliza tena. Mkono wa mama ulikuwa umerudi, mzito, umechoka. Ulipofika ule mguso uliokosewa, Kasuku alishtuka.

"Hapo ndipo nilipoingia kutoka shule! Mama aligeuka kunitazama, kidole kikateleza."

Baba alimvuta kifuani, wakalia wote wawili bila kuoneana haya. Mjomba akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

"Mwanangu," baba alisema baadaye, "kukosea si ajabu. Mama yako naye alikosea, na kosa lake tunalipenda. Ila ukikosea, sema mapema, kosa lingali linarekebishika. Mama yako tumempoteza mara moja. Ungenyamaza leo, tungempoteza mara ya pili."

Kasuku akajifuta uso kwa mkono wa sare yake, akamwomba mjomba aurudie wimbo tangu mwanzo.