Niliitia Simu Yetu Kufuli

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja. Naishi Kisumu, mtaa wa Milimani, katika nyumba kubwa kuliko ninavyohitaji. Kwa miaka kumi na mitatu watu wamekuwa wakinipa pole kwa kifo cha mume wangu, na pole zote nimezipokea. Leo nataka kuwaambia kwa nini sikustahili hata moja.

Wakati huo tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Mume wangu alikuwa mtu wa ofisi, mpole, mwenye mzaha mwingi, na mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Ndiyo sababu tulihangaika mpaka tukawekewa simu nyumbani. Daktari wetu, mzee wa Kihindi aliyeishi barabara ya pili, alituambia wazi kwamba pumu ikimshika vibaya tumpigie mara moja, naye atafika kabla chai haijapoa kikombeni.

Tafadhali yashikeni maneno hayo ya daktari. Mimi niliyaacha yakanitoka.

Siku hizo simu ilikuwa heshima ya nyumba. Ilikuwa na meza yake sebuleni, na ilifunikwa kitambaa ili isipate vumbi. Kikundi kimoja cha wajane wa mtaa wa Kaloleni kiliujua udhaifu wetu huo. Walifuma vitambaa vya simu kwa mkono, vyeupe vyenye pindo la buluu, wakavipitisha nyumba kwa nyumba. Waliuza pia kufuli ndogo za kufungia lile gurudumu la namba, ili wageni na watumishi wasiitumie simu yako ovyo. Sehemu ya mauzo, walisema, inakwenda kwa makao ya watoto yatima kule Katito, nje ya mji.

Walisema! Mimi niliguna. Nani amewaona hao yatima? Na mbona muuzaji wao, Mama Akinyi, alikuwa na viatu vipya? Ndivyo nilivyokuwa, wasomaji. Mtu akinisalimia kwa furaha, nilijiuliza anataka nini.

Mume wangu hakuguna. Alinunua vitambaa viwili papo hapo. Nikamuuliza, simu moja, vitambaa viwili vya nini? Akacheka, akasema kimoja kikifuliwa kingine kivaliwe. Jumapili iliyofuata akaandamana na wale wajane hadi Katito kuwaona hao watoto. Alirudi kimya, akala kidogo, akalala mapema. Nikajiambia, hapa kuna jambo...

Baada ya hapo nilianza kumwona akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini. Nikiingia sebuleni, anaaga haraka. Nikimuuliza ni nani, ananijibu ni mambo ya kazi. Mambo ya kazi gani yanamfanya mtu atabasamu peke yake mbele ya ukuta?

Asubuhi moja alikuwa bafuni, simu ikalia. Nikaipokea. Ilikuwa opereta, akasema, "Bwana, ile laini ya Katito uliomba iko tayari. Ongea." Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mwanamke ikaingia.

"Hallo, Baba? Ni wewe? Awuor anakuulizia kila siku. Anasema baba atakuja lini?"

Nikairudisha simu chini polepole. Kumbe ndiyo hiyo kazi. Kumbe mimi nameza dawa za kila mganga na kila hospitali, na yeye ana mtoto Katito, mtoto mwenye jina, anayemwita baba!

Ningemuuliza tu. Ilikuwa sentensi moja! Angetoka bafuni na taulo lake begani, ningemuuliza, Awuor ni nani, na leo nisingekuwa naandika haya. Lakini sikutaka kuambiwa, nilitaka kumfumania.

Siku hiyohiyo nikamwita Mama Akinyi, nikamwambia nataka kufuli. Alikuja jioni akiwa ameiweka ndani ya kitambaa kipya kilichokunjwa vizuri. Nikamwambia kitambaa sikitaki, ninavyo viwili.

"Hapana mama, hizi hatutenganishi," akasema. "Kufuli inaenda na kitambaa yake. Ngoja kwanza nikuonyeshe, hii kitambaa iko na..."

Sikumwacha amalize. Nilimwambia nimenunua kufuli, sikununua mahubiri, na kama yatima wa Katito ni wa kweli basi wale washibe. Nikavichukua vyote viwili, nikamfungia geti usoni. Alisimama pale nje kidogo, nikamsikia akiita "Mama! Mama, sikiliza!" Kisha viatu vyake vipya vikaondoka juu ya kokoto.

Ndani nikagundua nimepewa ufunguo mmoja tu. Mnajua wenyewe, kufuli huja na funguo mbili. Wa pili uko wapi? Moyo wangu ukanijibu haraka sana: ameuficha ampe mume wangu. Wote ni kitu kimoja!

Hata hivyo niliifunga simu. Ule ufunguo nikautia kwenye uzi, nikauvaa shingoni ndani ya blauzi. Kitambaa kipya nikakitandika juu ya simu, maana hata hasira yangu ilipenda nyumba nadhifu.

Mume wangu alipoiona ile kufuli aliivuta kidogo kwa kidole. Nilingoja apige kelele, nami nilikuwa na maneno yangu tayari. Hakupiga. Aliniuliza jambo moja tu.

"Na nikitaka daktari?"

Nikamjibu, "Mimi si niko?"

Akatikisa kichwa, akaenda zake kumwagilia maua. Angeweza kuing'oa kwa bisibisi siku hiyohiyo. Hakuing'oa, kwa sababu alitaka amani nyumbani kwake.

Ukishaanza kuwashuku watu hakuna anayebaki salama. Siku chache baadaye niliona kitambaa cha simu kimesogea. Nikamshika Roselida, mama aliyetufanyia kazi miaka sita, nikamwambia yeye ndiye mwenye ufunguo wa pili. Alilia, akaapa kwa Nyasaye, yaani Mungu, kwamba alikuwa akipangusa vumbi. Nilimwondoa kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nyumba ile kubwa ikabaki na sisi wawili tu, na askari wa geti aliyeingia jioni.

Jumamosi iliyofuata nikachukua gari nikasema nakwenda sokoni. Mume wangu alikuwa akikohoa tangu alfajiri. Niliona kile kichupa chake cha dawa ya kuvuta, akakitikisa, akasema kimekaribia kwisha, nimpitie duka la dawa. Nikaitikia. Uongo mtupu! Niliendesha moja kwa moja mpaka Ahero, nikapita mashamba ya mpunga, nikaingia Katito nikiwa nimekaza meno.

Nilitegemea nini? Nyumba ya mwanamke mrembo yenye mapazia ya lesi. Sokoni nikauliza kwa akina Awuor ni wapi, na kila mtu akanielekeza mahali pamoja tu, kwenye yale makao ya watoto. Kwa hiyo yalikuwa ya kweli! Nyumba mbili za mabati, jiko la nje, na kamba ndefu ya nguo ndogo ndogo zilizofuliwa.

Akatoka mama mnene wa makamo, anaitwa Mama Dorka, ndiye mlezi wa pale. Alipofungua mdomo nikaijua sauti. Ilikuwa ile ya simu. Nilimtajia jina la mume wangu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Yeye akapiga makofi.

"Mayo! Min Awuor! Umekuja mwenyewe!"

Min Awuor, yaani mama yake Awuor. Katika miaka tisa hakuna mtu aliyekuwa ameniita mama wa mtu yeyote.

Akaniketisha, akanieleza yote kwa furaha, akidhani nayajua nusu. Awuor alikuwa mtoto wa miaka minne, wazazi wake wote walizama ziwani safari moja. Siku mume wangu alipofika na wale wajane, mtoto alimshika kidole na hakukiachia mpaka saa ya kuondoka. Tangu hapo alikuwa akipiga simu kuuliza hali yake, na kuuliza ni barua gani zinatakiwa ili tumchukue awe wetu.

"Aliogopa kukuambia," Mama Dorka akasema. "Alisema, mke wangu akisikia ataona namkumbusha hana mtoto. Acha nimlete hapa mwezi ujao, amuone na macho yake kwanza."

Kisha wakamleta. Alikuwa na gauni la kijani na jino moja lililokatika. Alinitazama, akaniuliza kwa Dholuo kama baba amebaki kwenye gari.

Nililia mpaka nikaona aibu. Nikaomba simu ya ofisini, nimpigie mume wangu, nimwambie nimemwona, nimwambie anisamehe. Tukangoja laini. Mwishowe opereta akasema, "Kisumu inatumika, mama." Tukajaribu tena. Inatumika. Mara ya tatu, inatumika.

Inatumika vipi? Kufuli iko, ufunguo uko shingoni mwangu!

Na hapo, wasomaji, na machozi ya toba hayajanikauka, moyo wangu uleule ukarudi palepale. Kumbe anao ufunguo wa pili! Anaongea na nani sasa hivi? Kama Awuor yuko hapa, basi kuna mwingine! Nikaingia kwenye gari bila kumuaga mtoto vizuri. Njia nzima nilikuwa naandaa matusi.

Nilimkuta sebuleni sakafuni, mgongo wake ukiwa umeegemea meza ya simu. Mkono wa simu ulikuwa unaning'inia kwa waya wake, na ndiyo maana laini ilikuwa ikitumika. Kichupa cha dawa kilikuwa tupu mapajani. Kwenye kufuli palikuwa na mikwaruzo mingi mipya, na kisu cha jikoni kilikuwa karibu na goti lake.

Mume wangu alijaribu kuifungua simu kwa kisu. Pumzi zikamwishia.

Nilivuta ule uzi shingoni, nikafungua kufuli, nikampigia daktari. Alifika kabla chai haijapoa, kama alivyoahidi. Aliinama, akamfumba macho. Mimi nilikuwa tayari nimeitia kufuli mfukoni. Watu walipoanza kuja, walikuta simu kama simu nyingine yoyote, na mjane anayelia.

Tulimzika kwao. Niliporudi nikavua kile kitambaa nikifue kwa ajili ya wageni. Kwenye beseni vidole vyangu vikagusa kitu kigumu kwenye pindo. Nikalichana kwa wembe. Ufunguo! Ufunguo wa pili ulikuwa umeshonewa kwenye pembe ya kitambaa. Siku zote ulikuwa juu ya simu, umbali wa kiganja kutoka kwenye mikono yake!

Mama Akinyi alipokuja kunipa pole nilimwonyesha ule ufunguo. Alikaa chini.

"Hiyo ndio nilitaka kukuambia kwa geti," akasema taratibu. "Watu wanapoteza funguo, mama. Kwa hivyo sisi tunashonea moja hapo, ya dharura. Kila mnunuzi tunamuonyesha."

Nilimshuku hata hapo. Nilidhani atanitangaza Kaloleni nzima. Mpaka leo hajamwambia mtu.

Roselida nilimtafuta nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini kazini hakurudi. Na Awuor nilimchukua. Nilizifuatilia barua zote ambazo baba yake alikuwa ameanza, nikamleta Milimani.

Wasomaji, ninawasihi. Nyinyi mnaovizia milango, mnaonusa mashati, mnaofunga simu na makabati, mkisikia jambo, ulizeni! Ulizeni siku hiyohiyo, kwa mdomo wenu, mkiwa mmeketi. Na mtu akikuambia "ngoja nikuonyeshe," mwache akuonyeshe, hata kama huamini neno lake lingine lolote. Mimi nilikosa dakika moja ya kusikiliza.

Awuor sasa ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha nne, na gazeti hili hulisoma kila likitoka, huanzia ukurasa huu. Nilimwambia baba alikufa kwa pumu. Aliwahi kuniuliza mbona simu yetu haina kufuli kama ya jirani, nikamwambia sizipendi tu.

Mwanangu, ukifika mstari huu, utakuwa umeshajua. Kitambaa kiko kwenye sanduku langu, chini kabisa, pembe yake imechanika. Sanduku sijalifunga. Njoo uniulize lolote, nitakujibu.