Chupa Mbili za Mdogo Wake

Saa 7:40 mchana.

Kocha aliuchora mpango kwa chaki kwenye sakafu ya stoo ya jimu, katikati ya vyuma vilivyoota kutu. Mlango mmoja wa chuma, dirisha la nondo. Nje, uwanja ulikuwa bado unashangilia.

"Chumba cha vipimo hiki. Friji hii. Ndani, chupa mbili za mkojo wa bingwa wetu. Gari la maabara linaondoka nazo saa kumi kamili. Zikifika huko tumekwisha."

"Wenzetu wanaiba dhahabu," alisema Fundi, fundi friji kwa kazi, mwizi kwa mapumziko. "Sisi mikojo. Mama akiniuliza nimwambie nini?"

Nyundo hakucheka. Bingwa alikuwa mdogo wake, binti wa miaka kumi na tisa, aliyeketi mkekani akifunga kamba za viatu. Asubuhi alishinda mbio za mita mia nne, wenzake wakaja nyuma kama waliotumwa dukani. Miezi minane Kocha alikuwa akimchoma steroidi, homoni za kujenga misuli. Mabega yakatanuka. Ndevu zikachungulia kidevuni. Sauti ikashuka mpaka ikawa ya marehemu baba yao.

Nyundo aliijua njia hiyo hadi mwisho wake. Enzi zake za kunyanyua vyuma, sindano zilezile, kutoka mkono uleule, zilimpa shingo ya fahali zikamnyima mtoto. Mke akaondoka. Siku hizi akipanda ngazi kumi, moyo unagonga kama polisi mlangoni.

"Kaka, nakutegemea wewe," alisema mdogo wake.

"Najua."

Saa 9:05 alasiri.

Kocha alichomoa fyuzi. Friji ikanyamaza. Nesi wa chumba cha vipimo akatoka mbio kutafuta fundi, na fundi, kwa bahati iliyopangwa, alikuwa anapita koridoni. Nyuma yake Nyundo, na mtungi wa gesi begani.

"Mmeletwa na Mungu, jamani!"

"Tumeletwa na joto, dada."

Nesi alifungua kufuli mwenyewe, akazihamishia chupa zote kwenye kasha la barafu. Fundi akamvuta nyuma ya friji kumwonyesha waya "uliooza", na porojo juu yake. Nyundo akabaki na kasha.

Namba ya chupa za mdogo wake alikuwa ameikariri. Akazitoa zile mbili. Nyepesi mno. Zikifika maabara, binti atafungiwa miaka minne na atamchukia kakake. Lakini sindano zitakoma. Zikipotea, Jumatatu anachomwa tena.

Akazirudisha kwenye barafu. Ndani ya taulo akaviringisha chupa mbili za dawa ya kuchua alizokuja nazo mfukoni.

Saa 9:46.

Kocha alilifungua taulo stooni. "Nini hii?"

"Dawa ya kuchua. Utaihitaji." Nyundo alisukuma komeo, akauegemea mlango kwa mgongo.

"Dakika kumi na nne bado!" Fundi aliruka. "Narudi huko!"

"Hupiti."

Kocha alimpiga ngumi ya mdomo. Fundi akamshushia spana begani, mara mbili, tatu. Damu ikachuruzika hadi kiunoni. Nyundo hakusogea.

"Toka, bwana, huo moyo wako utapasuka!"

"Upasuke."

Saa 9:57.

Wanaume wawili walikuwa wanahema kama mbwa. Mdogo wake akainuka.

"Kaka, toka mlangoni."

"Mdogo wangu, nakuokoa."

"Wewe ulishindwa. Mimi nashinda. Toka."

"Nipige basi."

Alidhani hatathubutu. Binti aliokota sahani ya chuma ya kilo kumi kwa mkono mmoja, akamtandika nayo goti. Nyundo akaanguka. Binti akamburuta mguu, kilo mia na kitu, akamtupa kando kama gunia tupu. Komeo likalia. Akatoka mbio.

Saa 10:01.

Kupitia mlango uliobaki wazi, Nyundo alimwona. Hakuwahi kumwona akikimbia vile. Gari la maabara lilikuwa limeshafika getini. Dereva alimwona bingwa kwenye kioo, akasimama huku akitabasamu. Binti akafungua mlango wa nyuma, akalinyakua kasha, akalibamiza chini. Vioo vikaruka.

Askari wanne ndio waliomlaza kwenye lami.

Kocha na Fundi walimruka Nyundo kama gogo, wakakata kona.

Kule getini binti alikuwa anapiga kelele, akiita msaada. Nyundo alitambaa hadi kizingitini ili ajibu.

"Kocha!" mdogo wake alikuwa akiita. "Kocha! Kocha!"

Kocha alikuwa ameshavuka ukuta.