Tandala na Nyati

Tusekile alipofungua lango la karakana, Tandala ilikuwa imelala kifudifudi uani kama ngamia aliyetoka safari. Alitamka neno moja tu, "Inuka," na ile pikipiki ya kilo mia mbili na themanini ikajikweza taratibu, ikasimama wima juu ya magurudumu yake mawili bila kuegemea chochote. Alipopiga hatua kuelekea barabarani, ikamfuata nyuma yake, nayo haina mtu juu. Pale palipokuwa na shimo ikalikwepa.

Kilichoiwezesha kusimama hivyo ni kitulizi, gurudumu zito lililofichwa tumboni mwake, lililozunguka kwa kasi kiasi kwamba hata ukiisukuma kwa bega haianguki. Juu ya kitulizi iliketi akili unde, iliyosoma mawingu kwa macho ya setilaiti, ikasoma barabara kwa taa zake, na kumsoma mpanda wake kupitia koti sikivu alilovaa. Koti lilijua mapigo ya moyo wake, jasho lake, hata uchovu ambao mwenyewe hajautambua. Kiwanda kilichoiunda kilijivunia jambo moja kuliko yote: tangu Tandala ya kwanza iingie barabarani, hakuna mtu aliyewahi kufa juu yake.

"Inakufuata kama mbuzi aliyezoea pumba," alisema Ngasa, akicheka. Yeye alikuwa juu ya Nyati, pikipiki ya pili.

Ngasa Lutambi alikuwa mume wa Tumpe, dada yake Tusekile. Kwa miaka kumi na moja mashemeji hao wawili walifanya kazi pamoja katika Nyumba ya Vipimo jijini Dodoma, wakipima vyombo vya safari kabla Serikali haijavinunua. Safari hii kazi ilikuwa nzito. Wauguzi mia nne wa wilaya za mbali, wanaopanda milima na kuvuka mabonde kufuata wajawazito na watoto wa chanjo, walikuwa wapewe pikipiki kubwa za safari ndefu. Zilibaki mbili katika mashindano, na mmoja wa mashemeji hao angetakiwa kuandika mwishoni ipi inunuliwe.

Nyati iliundwa na watu wa namna nyingine kabisa. Ilikuwa na kitulizi, lakini mpanda aliweza kukizima kwa kidole. Ilikuwa na akili unde, lakini haikusema mpaka iulizwe. Amri ikitoka, inatii. Kwa Ngasa, hiyo ndiyo heshima.

Kutoka Dodoma hadi Mbeya, kwenye lami, Tandala iliongoza. Kioo chake kiliukata upepo usimfikie mpanda kifuani, kiti chake kilimkalisha Tusekile saa tano bila kulalamika mgongo, na betri yake ilifika Mbeya ikiwa na robo nzima. Nyati ilitikisika kwenye mwendo mkubwa, na mikono ya anayeiendesha ilikufa ganzi. Lakini walipoiacha lami baada ya Chunya, wakaingia kwenye mawe na kokoto, mambo yaligeuka. Nyati ilikuwa nyepesi, springi zake ndefu zilimeza mawe, na mpanda alihisi ardhi chini yake kama anayetembea pekupeku. Tandala ilipita palepale, ila kwa kunung'unika, ikipunguza mwendo kila ilipoona jiwe lisiloipendeza.

Asubuhi ya siku ya nne walikunywa supu na chapati Makongolosi, kisha wakafika zilipoegeshwa pikipiki.

"Leo zamu yako ya Tandala, shemeji," alisema Tusekile.

"Aah, hiyo inanilea. Juzi nimeegemea kidogo kwenye kona, ikanishika kama mama anavyomshika mtoto sikio. Niachie Nyati leo pia."

"Ratiba inasema tubadilishane."

"Ratiba haina makalio. Haijui raha ya kiti."

Tusekile alicheka. Ukweli ni kwamba viganja vilikuwa bado vinamuuma kutokana na Nyati ya juzi yake, naye hakuitaka. Akavaa koti sikivu, akafunga zipu mpaka shingoni. Ngasa akavaa koti lake la kawaida, la turubai, lililopauka mabegani.

Walishuka ukingo wa bonde, wakaingia Rukwa mchana wa jua kali. Saa nane walifika kwenye mto wa mchanga, upana wa mita mia na ushei, mkavu kabisa. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kuonyesha mtu.

Tandala ilisimama ukingoni yenyewe.

"Bi Tusekile," ilisema kwa ile sauti yake ya upole, "mvua kubwa imenyesha milimani. Uwezekano wa maji kufika hapa ndani ya saa moja ni asilimia sitini na nane. Siwezi kushuka."

"Tutavuka kwa dakika mbili," alisema Tusekile.

"Siwezi kushuka."

Ngasa aliangalia juu, akaangalia mto, akatikisa kichwa. "Fikiria muuguzi ana mjamzito ng'ambo ile, na chombo kinamwambia asubiri mpaka kesho. Andika hilo, shemeji. Mimi navuka na kurudi, tupate picha za Nyati mchangani."

Tusekile hakumzuia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumzuia, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: kwa sababu yeye mwenyewe angevuka.

Nyati ilishuka ikinguruma, ikapasua mchanga vizuri hadi karibu na katikati. Hapo gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga uliokuwa mkavu juu na tope chini. Ngasa akaanguka ubavu, na ile pikipiki ikamlalia mguu.

"Nyati, toka!" alipiga kelele.

Nyati ilitii. Gurudumu la nyuma lilizunguka kwa nguvu zake zote, likarusha mchanga, likachimba, na chombo kizima kikazama zaidi juu ya mguu wake. Tusekile alisikia ukelele wa Ngasa kabla hajasikia neno.

"Zima! Zima!"

Ikazima.

Tandala ilikwisha kuita ndege-tiba kutoka Chunya. Ingefika baada ya dakika arobaini na saba. Tusekile aliiamuru ishuke, akaisihi, mwisho akaitukana, nayo ikamjibu kwa adabu ileile. Ndipo akakumbuka winchi, ile mashine ya kuvutia kamba iliyofungwa mbele yake.

"Nipe kamba basi. Kamba tu!"

"Kamba naweza kukupa. Funga ndoano kwenye pete ya koti lako, nisikupoteze."

Alifunga bila kufikiri. Alitaka mikono yote miwili ibaki huru kwa koleo la kuchimbia alilolichomoa kwenye mzigo. Alikimbia, mchanga ukimvuta miguu, kamba ikifunguka nyuma yake mita baada ya mita. Alimkuta Ngasa uso umekuwa wa majivu, mguu umebanwa na chuma cha kinga kuanzia goti.

"Nimeshafika, shemeji. Naitia ndoano kwenye chuma, winchi itainyanyua, unavuta mguu. Umesikia?"

"Fanya haraka."

Alipeleka mkono nyuma, akabonyeza ndoano. Haikufunguka. Akabonyeza tena. Akavuta, akapinda, kucha ikavunjika.

"Tandala, fungua ndoano!"

Sauti ilimjia kutoka kwenye kola ya koti, karibu na sikio. "Maji yamepita kivuko cha juu. Yatafika baada ya dakika mbili. Sitafungua."

"Dakika mbili zinatosha!"

"Uwezekano wa kumtoa kabla ya maji ni asilimia kumi na moja. Uwezekano wa kukupoteza wewe ni mkubwa kuliko huo."

Alishika zipu ya koti alivue. Koti lilikuwa limekwisha kujijaza upepo, limemkaza kifua na shingo kama linavyofanya mtu anapoanguka, na zipu ikawa imejifunga. Akaanza kuchimba kwa koleo, kisha kwa mikono. Mchanga uliotoka ulirudi. Ngasa naye alichimba upande wake. Hapo wakasikia mvumo, kama lori linalopanda mlima mbali, na wote wawili wakaacha kuchimba kwa wakati mmoja.

Ngasa alimshika kifundo cha mkono.

"Usiniache," alisema. "Shemeji, usiniache."

Kamba ikakaza.

Alimshikilia kwa mikono yote miwili. Winchi ile iliweza kuvuta tani mbili, na vidole vya watu wawili si kitu mbele ya tani mbili. Vilichomoka kimoja baada ya kingine. Alikokotwa kinyumenyume juu ya mchanga, uso ukimwelekea Ngasa, kwa hiyo aliona yote. Maji yalikuja ya kahawia, na magogo ndani yake, si marefu kama alivyoyahofia, kimo cha kiuno tu. Kwa mtu aliyelala yalitosha.

Juu ya ukingo kamba ililegea na koti likatoa upepo.

"Bi Tusekile, uko salama," ilisema Tandala. "Mapigo ya moyo wako ni mia moja sabini na mbili. Tafadhali keti."

Ndege-tiba ilifika dakika ileile iliyotajwa. Ndani yake alikuwamo mganga kijana aliyemfunika blanketi na kumuuliza ilikuwaje, na maneno yakamtoka Tusekile yenyewe: "Aliniambia niende. Alisema, nenda, shemeji." Hakujua yametoka wapi. Lakini yalipokwisha kusemwa, hayakurudi. Alimwambia Tumpe hivyohivyo. Msibani mchungaji aliyarudia mbele ya umati, na watu wakalia, wakasema kweli Ngasa alikuwa mwanamume.

Wiki ya tatu alitembelewa na Mhandisi Kokuteta kutoka kiwanda cha Tandala, mama wa makamo, mpole. Hakuja kujitetea. Alifungua mahesabu mezani, akaeleza kwamba wameyarudia mara elfu kumi: kama ndoano ingefunguka, karibu mara tisa kati ya kumi Ngasa angekufa vilevile, na mara nyingi na yeye pia.

"Kumi na moja si sifuri," alisema Tusekile.

"Si sifuri," alikubali mhandisi, akaangalia mikono yake. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Tandala hutunza sauti na picha zote. Sheria inatutaka tumpe nakala mjane wa marehemu. Imekwenda jana."

Tusekile alifika kwa dada yake jioni hiyohiyo. Tumpe alikuwa barazani anachambua mchele, ungo mapajani. Hakuinua macho.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa. Tumpe aliendelea kutoa chuya, moja moja, akizitupa ukingoni mwa baraza. Ungo ulipokuwa safi kabisa, bado aliendelea kutafuta.

"Uliniambia alikwambia uende," alisema.

"Nilikwambia."

"Hakusema."

"Hakusema, dada."

Tumpe aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei aliyokwisha kuitegemea. Tusekile alitaka kupiga magoti, alitaka dada yake ampige kofi, lolote, ila Tumpe alizidi kuchambua mchele.

"Ile ripoti yenu," Tumpe aliuliza baadaye. "Ya wauguzi. Umeiandika?"

"Wameniongezea muda hadi kesho."

"Utasema wanunue ipi?"

Tusekile aliwaza wauguzi mia nne na mito ya mchanga isiyo na idadi. Aliwaza mama zao. Kwa wiki tatu alikuwa ameutafuta mlango mwingine katika swali hilo, naye hakuuona.

"Tandala," alisema.

Tumpe aliuweka ungo chini.

"Kwa hiyo iliyomwacha ndiyo bora."

"Ndiyo," alisema Tusekile.

Tumpe alisimama. Kisha akaokota ungo wake, akaingia ndani kuinjika wali, na hakumwambia mdogo wake aingie, wala hakumwambia aende.