Kasiani Bado Hajasoma

Yaliyomkuta rafiki yangu Cecilia, katibu wa kwaya kule Mgeta, yananisisimua mwili hadi leo. Alimpelekea fundi simu kwa kuwa tiki za grupu la WhatsApp la kwaya zilikuwa hazigeuki bluu tangu Mei.

"Dada, simu yako nzima," fundi akasema. "Zinageuka wote wakisoma. Hapa hajasoma mmoja tu, Kasiani."

Kasiani, mwimbaji wao wa besi, walimzika Mei, na mama yake alimwekea simu yake kwenye jeneza. Hakuna aliyethubutu kumtoa kwenye grupu.

Ukungu ukashuka, kibanda cha fundi kikawa giza mchana kweupe, mvua ikipiga bati. Cecilia akaandika: "Mazoezi leo saa kumi."

Tiki zikageuka bluu. Mvua ikakatika ghafla. Juu ya kioo yakatokea maandishi: Kasiani anarekodi sauti.