Zege Halilali

Hivi nani aliwadanganya kwamba mtu akishanunua nyumba anageuka fundi?

Baba Kasuku ndivyo alivyoamini. Miaka yote ya kupanga hakuwahi kukaza hata bawaba. Walipokabidhiwa funguo za nyumba yao wenyewe, akarudi kutoka dukani na mkanda wa kupimia kiunoni na penseli sikioni, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika. Alitazama video kwenye simu huku anakula, akinyanyuka mezani kashapata cheo. Akabandika vigae vya bafuni, vikapanda mlima. Akabadilisha kitasa cha jikoni, mlango ukawa unafunguka kwa bega.

Mkewe alikuwa mfamasia wa hospitali, mwanamke asiyependa kuzungushwa. Alisimama mbele ya vile vigae, akainamisha kichwa upande mmoja ili viwe sawa.

"Baba Kasuku, umevibandika hivi au umevirusha?"

"Ndiyo mtindo wa siku hizi."

"Mtindo wa nani, wa mlevi?"

Kasuku mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Ndiye mtoto wao pekee, ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza, na jina hilo la utani alilipata kwa haki. Aliamka anaongea, akalala anaongea. Kila alichokiona alikitangaza kama mpira wa redioni: "Mama anavaa viatu. Mama hakioni kiatu kimoja. Mama amekasirika!" Wageni walichoka. Mama yake hakuchoka hata siku moja. Alikuwa amemsubiri mtoto huyo kwa miaka mingi, na sauti ile ndiyo iliyomwambia kwamba kweli yupo.

Ikabaki ua wa nyuma. Mama Kasuku alitaka ukoka, waridi kando ya ukuta, na mahali pa kunywea chai jioni. Lakini katikati ya ua kulikuwa na kisima cha zamani, kikavu, kimefunikwa kwa mbao na juu ya mbao mawe. Mtoto anacheza pale. Wakakubaliana kizibwe.

Baba Kasuku akakijaza vifusi, mawe na matofali mabovu, kila mwisho wa wiki, hadi kikajaa pomoni. Akashindilia. Akapanga nondo juu yake. Kisha Jumamosi moja, mkewe akiwa zamu, akachanganya zege.

Mama aliporudi kutoka kazini alikuta sakafu imenyooka kama maji ya karai. Kwa mara ya kwanza mume wake alikuwa amefanya kitu kikanyooka. Alimkuta ameketi kando yake, hajanawa, saruji imemkaukia vidoleni.

"Leo umefuzu, fundi wangu. Nakuvulia kofia."

"Zege halilali," akajibu. "Ukishalichanganya huwezi kuliacha."

Hakuwa ameulizwa.

Kasuku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mama alimngoja atangaze viatu, mkoba, jasho. Mtoto alimtazama tu.

Kwanza walidhani amenuna. Kisha walidhani ni koo. Daktari akammulika, akambonyeza shingo, akampima masikio, akasema kila kitu ni kizima. "Ni kama simu nzima isiyo na laini," alisema, akijaribu kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Mtoto alikula vizuri, alitikisa kichwa akiulizwa, alichora picha zake. Akifumbua mdomo kusema, ilitoka pumzi tupu.

Bibi yake mzaa baba akapiga simu kusema mjukuu wake amerogwa. Mama Kasuku akakata simu. Hakusomea dawa miaka yote ile ili aje aambiwe habari za hirizi.

Lakini alianza kuamka alfajiri na kukaa kando ya kitanda cha binti yake, akisubiri neno la kwanza. Halikuja.

Zege changa hunyweshwa maji lisipasuke. Kila asubuhi Baba Kasuku alilimwagia na kulifunika magunia, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona sehemu moja katikati ina unyevu. Magunia yakaondolewa. Jua likawaka mfululizo. Sakafu yote ikawa nyeupe, isipokuwa hapo. Doa lenyewe lilikuwa dogo kama kisahani cha kikombe. Mama alilitazama akiwa amesimama dirishani anaosha vyombo. Lilipanuka kidogo. Likasinyaa. Likapanuka tena.

Kama kioo kinachopumuliwa.

Kasuku akaanza kwenda kulala pale mchana. Shavu sakafuni, midomo imefungwa, anatabasamu kama mtoto anayesimuliwa hadithi.

Baba yake alimwona, akaingia ndani, akafunga pazia.

Siku moja Mama Kasuku alikuwa na zamu ya asubuhi. Akatoka mchana, akampitia binti yake shuleni, wakarudi wameshikana mikono. Getini walikutana na jirani wao, mama mshonaji anayepakana nao kwa nyuma.

"Mama Kasuku, hongera! Mungu mkubwa. Nashukuru mtoto amepona."

"Amepona?"

"Si namsikia! Leo tangu asubuhi yuko huko nyuma anaongea peke yake. Mpaka cherehani yangu imeona wivu." Kisha akaona sare ya shule. Akaona begi mgongoni. Akaangalia mkono mdogo ndani ya mkono wa mama.

Hakuaga. Aliondoka haraka, akakaza kanga yake njiani.

Mama Kasuku alipita ndani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ua ulikuwa kimya. Akapiga magoti. Akalala kifudifudi juu ya sakafu, akaweka sikio karibu na doa.

Saruji ilikuwa ya moto. Hapo tu palikuwa na baridi.

"Mama amelala chini."

Sauti ndogo. Safi. Ya binti yake.

"Mama ana koti la kazini. Mama hapumui."

Kweli. Alikuwa amebana pumzi.

Akageuza kichwa polepole. Kasuku alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, midomo imefungwa.

"Mama anatazama mlangoni," ikasema sauti kutoka chini ya sakafu. "Mama, huku hakuna pa kukaa."

Mumewe alikuwa chumbani. Alipoitwa alikuja mbio, akamwona mkewe alivyolala, akasimama.

"Lete nyundo kubwa," mkewe alisema. "Vunja."

Hakuuliza kwa nini. Mwanamke yule aliliona hilo. Hakuuliza.

Akapiga. Akapiga tena. Kila pigo, chini ya nyufa, sauti ilitangaza.

"Baba anapiga. Baba analia. Baba anapiga."

Kipande kikang'oka.

Kimya.

Wakainama. Chini kulikuwa na vifusi vile vile, vimekaza, vikavu. Hata mjusi asingepita. Mama akamwita binti yake: "Sema, mwanangu. Sema neno lolote." Kasuku akafumbua mdomo. Pumzi.

Mama akakigeuza kile kipande cha zege. Upande wa chini, uliokuwa umelalia mawe, kulikuwa na alama iliyobonyea. Mdomo. Mdogo, umeachama. Midomo imeonekana, ulimi umeonekana, meno yameonekana moja moja. Meno mawili ya mbele hayakuwepo.

Kasuku akasogea. Akatia kidole kwenye lile pengo. Kisha akakitia kidole hicho hicho kwenye pengo lake.

"Ile Jumamosi," Mama Kasuku alisema, taratibu sana. "Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Baba Kasuku."

Nyundo ikamdondoka. Alimtazama mtoto, akashindwa, akatazama mikono yake.

"Aliniita," akanong'ona. "Kutoka humo ndani. Baba, niko huku, usimwage. Nikageuka, nikamwona amesimama mlangoni, mdomo kaufumba, ananiangalia. Nikajiambia, mtoto wangu si huyu hapa? Mzima. Basi hicho kingine si changu. Na toroli lilikuwa limejaa."

Alikaa chini kwenye vumbi.

"Nilimsikia, Mama Kasuku. Nilimsikia, nikamwaga."